Bila Kufungana: Mmarekani Anapoonja Utamu wa Soka la Mataifa

Ijumaa ya tarehe 25 Novemba 2022, siku moja baada ya Wamarekani kula bata mzinga wa sikukuu yao ya Shukrani, mwenzangu wa kazini alikuja nyumbani kwangu hapa Columbus, Ohio, kutazama mpira. Ni mtu wa miaka hamsini na ushee, mzaliwa wa jimbo hili, aliyekulia kwenye mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mabega ya kujazia. Mechi ya soka hakuwahi kuitazama mwanzo hadi mwisho. Siku hiyo alikuja kwa sababu ilikuwa Kombe la Dunia, huko Qatar, na nchi yake ilikuwa inacheza na England.

Mechi ikaisha bila kufungana. Mimi na jamaa zangu wawili, mmoja wa Bukavu na mwingine wa Mombasa, tukapeana mikono kwa furaha. Yeye akabaki anatutazama. "Dakika tisini hakuna aliyepata kitu," akasema, "nanyi mnashangilia?"

Maswali ya aina hiyo nimeyasikia mara nyingi tangu ilipojulikana kwamba Kombe la Dunia la 2026 ni la Marekani, Kanada na Mexico. Kazini, shuleni kwa watoto, kwenye kiti cha kinyozi, Mmarekani akishajua kwamba unatokea Afrika Mashariki anakuuliza: kwa nini saa haisimami? Kwa nini goli limeingia na limekataliwa? Timu imefungwa, mbona inasonga mbele? Na nikipiga simu nyumbani Tanga naulizwa kinyume chake: hivi hao Wamarekani mpira wanaujua kweli?

Nimekaa na maswali hayo muda mrefu, na naamini kwamba sheria si tatizo. Sheria za soka zote ni 17, mtoto wa darasa la tatu anazicheza bila kuzisoma. Kinachomsumbua mgeni ni kungoja. Amelelewa na michezo inayomlipa kila baada ya dakika chache. Soka humlipa mara moja au mbili kwa mechi, siku nyingine halimlipi kabisa, na utamu wake wote umo ndani ya huko kungoja.

Kwanza maneno

Wengi wetu tunamcheka Mmarekani kwa kusema soccer badala ya football, kana kwamba amelibuni kwa ukaidi. Neno si lake. Chama cha soka cha England kiliundwa London mwaka 1863, na mchezo uliofuata sheria zake ukaitwa association football, yaani mpira wa chama, ili usichanganywe na raga. Wanafunzi wa Oxford walikuwa na mtindo wa kukata maneno na kuyabandika mkia: raga wakaiita rugger, na huu wa chama wakauita soccer. Waingereza wenyewe walilitumia miaka mingi. Sisi tukalipokea, tukalitamka kwa ulimi wetu, soka, tukaliweka kando ya kandanda na kabumbu. Mswahili anayesema soka na Mmarekani anayesema soccer wanatumia neno moja.

Neno la pili ni mataifa. Mgeni huchanganya klabu na timu ya taifa, na hapa ndipo pa kusimama naye kidogo, maana hapa ndipo moyo wa mtu unaponaswa. Klabu ni ajira. Simba, Yanga, Real Madrid, Columbus Crew ya hapa mjini kwetu, zote zina mikataba, mishahara na dirisha la usajili. Ukikosa kipa unanunua kipa. Timu ya taifa ni ukoo, na ndugu hanunuliwi. Ukikosa kipa, unakaa na aliyezaliwa kwenu mpaka azaliwe mwingine.

Kwa Mmarekani jambo hili ni geni kuliko tunavyodhani. Kwenye ligi zao kubwa, timu iliyofanya vibaya hupewa nafasi ya mbele kuchagua vijana wapya msimu unaofuata, ili mnyonge ainuke. Soka la mataifa halina huruma hiyo. Brazil ni Brazil, Iceland ni Iceland. Lakini Iceland hiyo, nchi isiyofikisha watu laki nne, iliiondoa England kwa mabao 2-1 kwenye Euro ya 2016, michuano ya mataifa ya Ulaya, kwa wachezaji wa ukoo wake wenyewe.

Mfano niliompa mwenzangu ulikuwa mbele ya macho yake. Siku nne kabla, Marekani ilitoka sare ya 1-1 na Wales, na bao la Marekani lilifungwa na Timothy Weah, mzaliwa wa New York. Baba yake ni George Weah wa Liberia, aliyetwaa Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa mwaka, mwaka 1995, Mwafrika wa kwanza kuipata, na ambaye wakati huo alikuwa rais wa nchi yake. Huyo baba, pamoja na ukubwa wake wote, hakucheza Kombe la Dunia hata mara moja, kwa sababu Liberia haikuwahi kufuzu. Hakuna pesa ambayo ingemnunulia mabeki na viungo wa kumfikisha huko. Mwanawe alifika akiwa amevaa jezi ya nchi nyingine. Mwenzangu alinyamaza muda mrefu niliposimulia hayo, na tangu hapo kila Weah alipogusa mpira alikuwa anamwita kwa jina.

Aliuliza pia jambo ambalo sisi wenyeji wa soka tunalivuka bila kuliuliza: England na Wales si nchi moja? Ni ufalme mmoja, lakini vyama vyao vya soka ni tofauti, na vilikuwepo kabla ya FIFA, shirikisho la soka la dunia, kuzaliwa mwaka 1904. Mechi ya kwanza kabisa ya kimataifa inayotambuliwa ilichezwa kati ya Scotland na England huko Glasgow, tarehe 30 Novemba 1872. Matokeo? Bila kufungana. Siku ile tuliyokaa sebuleni kwangu ilikuwa miaka 150 kasoro siku tano tangu mechi hiyo. Soka la mataifa lilianza kwa suluhu, na watu wakarudi tena kutazama.

(Kwa msomaji aliye nje ya Tanzania: kwetu watangazaji hutenga maneno haya mawili. Sare ni pale timu zinapofungana idadi sawa ya mabao. Suluhu ni pale ambapo hakuna aliyeona nyavu. Naupenda sana utengano huo, kwa sababu mechi hizo mbili hazifanani kabisa.)

Saa isiyosimama

Mechi ya mpira wa Kimarekani ina dakika 60 kwenye saa, lakini hukaa hewani zaidi ya saa tatu, na muda ambao mpira wenyewe unachezwa ni kama dakika 11 tu. Kikapu cha NBA kina dakika 48, na saa husimama kila filimbi inapolia. Mtazamaji amezoea kupumua, kula, kwenda msalani, kutazama matangazo. Halafu anakutana na soka: dakika 45 mfululizo, mpira ukitoka nje saa inakwenda, mtu akiumia saa inakwenda.

Muda unaopotea huwekwa hesabuni na refa, na mwisho wa kipindi unarudishwa. Hizo ndizo dakika za nyongeza, ambazo wazee wetu redioni waliziita dakika za majeruhi. Kuna imani iliyoenea, huku na huko nyumbani, kwamba dakika hizo ni zawadi anayopewa mkubwa ili asawazishe. Fikiria fundi uliyemwajiri kwa saa nane. Umeme ukakatika kwa saa moja, na jioni akabaki saa moja zaidi kumalizia. Hajakupa zawadi, amelipa deni. Huko Qatar marefa waliagizwa wahesabu deni hilo kwa makini kuliko ilivyozoeleka, ndiyo maana mechi ya England na Iran kwa jumla ilizidi dakika 110. Na asubuhi ya siku ile ile mwenzangu alipokuja kwangu, Iran ilikuwa imeifunga Wales mabao mawili, la kwanza dakika ya 98 na la pili dakika ya 101.

Wamarekani waliwahi kujaribu kulirekebisha jambo hili. Ligi yao ya MLS ilipoanza mwaka 1996, saa ilihesabu kurudi nyuma mpaka sifuri, na refa aliweza kuisimamisha. Sare ilipigwa marufuku pia: timu zikilingana, mchezaji alianza na mpira yadi 35 kutoka golini, akapewa sekunde tano kumkabili kipa. Walidhani wanamsaidia mtazamaji mgeni. Kuanzia msimu wa 2000 mambo yote hayo yaliondolewa, ligi ikafuata saa ya dunia nzima. Nadhani waligundua kwamba aliyelipenda soka alilipenda kama lilivyo. Saa inayohesabu kwenda juu, na mwisho wake anaujua refa peke yake, ndiyo inayokufanya ushindwe kukaa kitako dakika ya 93.

Kwa nini bao ni adimu

Kombe la Dunia la 2022 lilikuwa na mechi 64 na mabao 172. Hayafiki matatu kwa mechi. Usiku mmoja wa kikapu, kila timu hupita pointi mia. Ndiyo maana mgeni anaona kana kwamba hakuna kinachotokea.

Kwetu Tanga nilikua nikiwaona wavuvi wa mshipi wakitoka jioni na kurudi alfajiri. Mwingine amerudi na kolekole mmoja mkubwa. Ukimuuliza usiku ulikuwaje, hatakuambia habari ya dakika ile moja aliyompandisha samaki. Atakuambia mshipi ulivyotikisika saa tano, ulivyolegea, chambo kilivyoliwa, alivyohama upande wa pili wa mtumbwi. Kila mtikisiko ulikuwa habari. Ndivyo tulivyoitazama ile mechi ya England. Dakika ya 33 Christian Pulisic aliachia kombora likagonga mtambaa panya, ule mwamba wa juu wa goli. Mwishoni Harry Kane alipiga kichwa kikatoka nje ya lango, nasi watatu sebuleni tulikuwa tumesimama. Mshipi ulitikisika mara nyingi, samaki hakupanda.

Uadimu huo una kazi nyingine, kubwa zaidi. Kwenye kikapu, mnyonge akibahatisha pointi moja ya ajabu bado anahitaji nyingine mia moja, na mwenye nguvu ana muda wa kutosha kumshinda. Kwenye soka bao moja linaweza kutosha. Tarehe 29 Juni 1950, huko Belo Horizonte, Brazil, Marekani iliifunga England 1-0. England walikuwa wanahesabiwa miongoni mwa wababe wa dunia. Aliyefunga ni Joe Gaetjens, kijana mzaliwa wa Haiti aliyekuwa akiishi New York. Bao moja, la kichwa, kipindi cha kwanza, na muda wote uliobaki wakalilinda. Mchezo ambao mabao yake ni mengi hauwezi kuzaa siku kama ile.

Ushauri wangu kwa anayemkalisha mgeni mbele ya soka kwa mara ya kwanza ni mmoja: mwambie asiufuate mpira. Achague mchezaji mmoja, winga au kiungo, amtazame dakika kumi akiwa hana mpira. Ataona anavyomvuta beki pembeni ili mwenzake apate njia, anavyorudi nyuma mita arobaini kuziba pengo, anavyoinua mkono akiomba pasi asiyopewa. Mechi huchezwa zaidi na wale wasio na mpira, na kamera huwa haiwafuati.

Kuotea

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na hapa ndipo Kiswahili kilipotufaa kuliko Kiingereza.

Nilianza kumchorea mwenzangu kwenye karatasi. Wakati mwenzako anapoupiga mpira kuja kwako, kama uko nusu ya uwanja ya wapinzani, na uko karibu na mstari wao wa goli kuliko mpira na kuliko mpinzani wa pili kutoka mwisho, umeotea. Kwa kawaida wa mwisho ni kipa, kwa hiyo unayemhesabu ni beki wa mwisho. Mikono haihesabiwi, kwa kuwa haifungi. Ukilingana na beki uko salama. Mpira wa kurusha, kona na goli kiki hauna kuotea. Nilichora mishale, nikafuta, nikachora tena. Aliitikia kwa adabu, nikaona hakuelewa.

Nikaacha kuchora. Nikamwambia kwamba sisi hatutumii neno lao, offside, ambalo halisemi chochote zaidi ya kuwa upande usio sahihi. Sisi tunasema mchezaji ameotea. Na kuotea ni kuvizia: chui huotea mbuzi, mwindaji huotea mawindo. Soka halitaki mtu akae karibu na goli la wenzake akivizia mpira umfikie. Linataka afike pamoja na mpira, kwa mbio na akili.

Mwenzangu ni mwindaji wa kulungu. Kila Novemba hukaa juu ya mti saa nyingi, kimya, akisubiri mnyama apite. Akacheka kwa furaha kabisa. "Kumbe mnakataza kile ninachokifanya mimi porini!" Kuanzia hapo hakuhitaji karatasi.

Kosa ambalo hata mashabiki wa miaka mingi hulifanya ni kumpima mchezaji anapoupokea mpira. Anapimwa wakati mwenzake anapoupiga. Akiwa hajampita beki wakati pasi inatoka, kisha akampita kwa mbio na kuupokea mpira akiwa peke yake mita kumi mbele, ni halali, na mbio hizo ni miongoni mwa vitu vizuri zaidi vya kutazama kwenye mchezo huu. Sheria yenyewe imebadilika: mpaka mwaka 1925 ilitakiwa wapinzani watatu wawe kati yako na mstari wa goli, ndipo wakapunguzwa kuwa wawili ili mabao yaongezeke. Huko Qatar, kamera 12 chini ya paa la uwanja na kihisio ndani ya mpira vilikuwa vikiwasaidia marefa kuona kilichoshinda jicho.

Pointi ni akiba

Sasa nirudi kwenye swali la mwanzo: tulishangilia nini?

Kombe la Dunia huanza kwa makundi ya timu nne nne. Kila timu inakutana na wenzake watatu. Ushindi pointi tatu, sare au suluhu pointi moja, kufungwa hakuna kitu. Ichukue kama kibubu: hesabu haifanywi kwa siku moja, inafanywa siku kinapovunjwa. Timu iliyotoka suluhu na mkubwa wa kundi haikukosa kitu, imetumbukiza sarafu moja mahali ambapo wengi walitarajia itoke mikono mitupu.

Baada ya mechi mbili, kundi lile lilikuwa hivi: England pointi nne, Iran tatu, Marekani mbili, Wales moja. Marekani ilibaki na Iran. Ikishinda inavuka, ikitoka sare inakwenda nyumbani. Iran, kwa upande wake, ingeweza kuvuka kwa sare tu. Nikamwandikia mwenzangu mistari hiyo minne ya msimamo kwenye simu. Aliisoma tena na tena, kisha akaniuliza kama Jumanne anaweza kuja tena. Sote tunafanya kazi zamu ya usiku, na mechi ilikuwa saa nane mchana.

Jumanne hiyo, tarehe 29, alijifunza mambo matatu kwa mkupuo. La kwanza: mechi mbili za mwisho za kundi huchezwa kwa wakati mmoja. Sababu yake ni aibu ya mwaka 1982 huko Gijón, Hispania, ambapo Ujerumani Magharibi na Austria ziliingia uwanjani zikijua kwamba ushindi mwembamba wa Wajerumani utazivusha zote mbili. Wajerumani wakafunga mapema, kisha muda uliobaki wakawa wanapigiana pasi za kutembea. Algeria, iliyokuwa imeshacheza siku iliyotangulia, ikatolewa. Tangu 1986 hakuna anayejua matokeo ya mwenzake kabla ya kuanza.

La pili: Pulisic alifunga dakika ya 38, akagongana na kipa, akatolewa mapumziko na kupelekwa hospitali. Kabla tu ya mapumziko Timothy Weah akapenya, akafunga la pili. Mwenzangu aliruka kutoka kwenye kochi. Kisha akaiona bendera ya mshika kibendera, akakaa taratibu, akasema mwenyewe kabla sijafungua mdomo: "Ameotea."

La tatu ndilo lililomkamata. Kipindi cha pili chote Marekani iliongoza 1-0, na bao moja tu la Iran lingeubomoa msimamo wote. Hakuna bao lililofungwa. Kwa kipimo cha siku chache nyuma, hakuna kilichotokea. Lakini mtu huyu alisimama dakika ya 70 na hakukaa tena. Zilipoonyeshwa dakika tisa za nyongeza alishika kichwa. Filimbi ya mwisho ilipolia alitukumbatia mmoja mmoja, na jasho lilikuwa linamtoka, na nje theluji ilikuwa ikipukutika.

Kama unajiuliza timu inawezaje kufungwa na bado ikafurahi, jibu limo kwenye kibubu hicho hicho. Mwaka 2014 huko Recife, Brazil, Marekani ilifungwa 1-0 na Ujerumani, na wachezaji wakakumbatiana. Walikuwa na pointi nne sawa na Ureno, lakini Ureno ilikuwa imefungwa mabao mengi zaidi kuliko iliyofunga. Tofauti ya mabao ikawavusha. Na kwa mfumo wa 2026, wenye timu 48 na makundi 12, wawili wa juu wa kila kundi wanavuka pamoja na timu nane bora kati ya zilizoshika nafasi ya tatu. Hapo suluhu ya siku ya kwanza inaweza kuwa na thamani kubwa kuliko zamani.

Hivi mpira wanaujua?

Kwa ndugu zangu wa nyumbani: ndiyo, wanaujua, na si tangu jana. Marekani ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kwanza kabisa, mwaka 1930 huko Uruguay. Wanawake wao wametwaa Kombe la Dunia mara nne, 1991, 1999, 2015 na 2019, na fainali ya 1999 pale Rose Bowl, California, ilitazamwa na zaidi ya watu 90,000 uwanjani. Mwaka 1994 walipoandaa lile la wanaume, waliingia viwanjani zaidi ya watu milioni 3.5, kwa mechi 52 tu. Soka lilikuwepo muda wote. Ila Mmarekani mwingine angeweza kuishi miaka hamsini jirani nalo bila kubisha hodi.

Mwenzangu ni shahidi. Hapa Columbus, kwenye uwanja wa zamani wa Crew, uliofunguliwa mwaka 1999, Marekani iliifunga Mexico 2-0 kwenye mechi za kufuzu mwaka 2001. Ikaifunga 2-0 mwaka 2005. Ikaifunga 2-0 mwaka 2009. Na tarehe 10 Septemba 2013 ikaifunga 2-0 kwa mara ya nne, ikafuzu kwenda Brazil. Mashabiki wa hapa huimba matokeo hayo kwa Kihispania, dos a cero. Nilipomwambia alishangaa kwa uchungu kabisa. Miaka yote hiyo alikuwa akipita kwa gari mbele ya uwanja ule.

Marekani ilitolewa na Uholanzi, 3-1, tarehe 3 Desemba. Nilidhani hapo atarudi kwa kulungu wake. Akaniomba ratiba ya mechi zilizobaki, na nikawa na kazi ya kumweleza kwamba makundi yamekwisha na sasa ni mtoano: atakayefungwa anakwenda nyumbani, na suluhu haipo tena. Nikamtahadharisha asichanganye mambo mawili. Dakika za nyongeza ni lile deni la refa. Muda wa ziada ni nusu saa nyingine, vipindi viwili vya dakika 15, kwa timu zilizolingana kwenye mtoano. Zikilingana tena ni penalti, au kupigiana matuta, kama wasemavyo kwetu.

Fainali ilikuwa Jumapili ya tarehe 18, saa nne asubuhi kwa saa zetu, Argentina na Ufaransa. Dakika ya 79 Argentina ilikuwa mbele 2-0 na Ufaransa ilikuwa imepotea kabisa. Mwenzangu akasimama, akavaa koti. Alikuwa amemwahidi mkewe kwamba watakwenda kununua zawadi za Krismasi. Alikuwa mlangoni, mkono kwenye kitasa, Kylian Mbappé alipofunga penalti. Akageuka. Kabla hajavua koti Mbappé alifunga tena.

Filimbi ya dakika tisini ilipolia ilikuwa 2-2. Akatoa simu, akampigia mkewe, bado amesimama katikati ya sebule na koti lake. Akamwambia atachelewa. Nilisikia sauti ya mama huyo ikiuliza ni dakika ngapi zimebaki, maana wiki nzima alikuwa amefundishwa habari za dakika za nyongeza.

"Hapana, si zile," akamjibu, polepole, kama mtu anayemshika mwenzake mkono kuvuka barabara. "Hizo zimekwisha. Huu sasa ni muda wa ziada. Nusu saa nzima. Na wakilingana tena..." Akanitazama ili ahakikishe, nikatikisa kichwa kukubali. "Wakilingana tena wanapiga penalti. Washa televisheni, nikueleze."